Injini ya Turbo kwa Shilingi Milioni Tatu: Tathmini ya Gereji Moja ya Kizota

Gereji ninayoitathmini hapa haina bango. Iko Kizota, Dodoma, upande wa barabara iendayo Singida, ndani ya uzio wa mabati, na wateja wake huelekezana kwa mbuyu ulio mbele ya lango. Nililipeleka pale gari langu, Subaru Forester ya mwaka 2003, likiwa limevutwa kwa kamba, kwa sababu fundi mkuu aliisikia injini yake kwa simu na hapohapo akanikataza kuiwasha tena. Mfukoni nilikuwa na shilingi milioni tatu za zabibu za msimu wa Machi kutoka shamba langu dogo la Hombolo, na hazikuwapo nyingine. Siku 27 baadaye niliondoka pale nikiendesha mwenyewe. Nimesubiri miezi sita kabla ya kuandika, kwa kuwa injini iliyofungwa upya haihukumiwi siku inapotoka gereji.

Kwa asiyelijua gari hili, injini yake ni ile iitwayo EJ205, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994 na silinda nne zinazolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, zikitazamana kama watu walioegemeana miguu. Kipenyo cha silinda ni milimita 92, na pistoni husafiri milimita 75. Moshi unaotoka huzungusha turbo, nayo turbo husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu kuliko ambavyo injini ingeweza kuivuta peke yake. Hilo ni jambo la faida kwa mkazi wa Dodoma, kwa sababu mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo magari yasiyo na turbo hupoteza nguvu ambazo yangekuwa nazo Dar es Salaam. Lakini faida hiyo ina sharti. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, nayo huelea ndani ya beringi zake juu ya oili hiyohiyo. Injini ya kawaida ikikosa oili kwa muda mfupi huenda ikakusamehe; hii haisamehi.

Yangu ilikosa oili kwa njia ya kijinga. Miezi kadhaa kabla, gereji nyingine, ambayo sitaitaja, ilinizibia mvujo wa oili kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa kupaka silikoni kwa ukarimu mkubwa pande zote mbili za ukingo. Kwa nje ilipendeza, na mvujo ulikoma. Nikiwa narudi kutoka Iringa, baada tu ya kupita bwawa la Mtera, taa ya oili ilipepesa mara mbili kwenye kona, ikazima, nami nikajiambia kwamba ni waya. Nilipofika karibu na mjini injini ilikuwa inagonga kwa sauti ya nyundo iliyofungwa kitambaa, na kila nikikanyaga mafuta kugonga kulizidi. Niliegesha nyumbani, nikapima oili, nikaikuta imejaa. Ndipo nilipopiga simu.

Fundi mkuu hakuanza kwa kunitajia bei. Aliniuliza kwanza ninalitumia gari kwa safari zipi, nina kiasi gani, na kama nina haraka. Kisha akanipa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kununua injini ya mtumba iliyotoka Japani, ambayo mawakala wa Dar es Salaam walitutajia kwa shilingi milioni 3.8 bila usafiri. Ya pili ilikuwa kuivunja hii niliyonayo na kuijenga upya. "Mama," aliniambia, "ile ya mtumba itakuja imefutwa vumbi inang'aa, lakini wewe na mimi hatujui mwenye nayo alibadilisha oili lini. Hii tutaijua yote, hata aibu zake." Aliongeza kwamba namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kubadili injini kungenipeleka pia TRA, mamlaka ya mapato, kurekebisha kumbukumbu. Sikuhitaji kushawishiwa zaidi, ingawa nakiri kwamba neno mtumba hapa Dodoma limekuwa na heshima mpya tangu Mji wa Serikali ujengwe mahali penye jina hilo.

Niliomba kuwapo siku ya kuvunja, na hawakukataa. Hili pekee linaitofautisha gereji hii na nyingi nilizowahi kutumia, ambako mteja akisimama karibu na gari lake huonekana kama mpelelezi. Walinipa kigoda, wakaniletea sinia pana la bati, na kila kilichotoka ndani ya injini kikawekwa juu ya sinia hilo kwa mpangilio wa silinda, namba ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya rangi. Sampu ilipofunguliwa, fundi aliinua bomba la kunyonyea oili na kunionyesha chujio lake la wavu. Zaidi ya nusu ya wavu huo ilikuwa imezibwa na vipande vya silikoni ya kijivu, laini kama nyama ya ngisi, vingine vikiwa bado na umbo la ukingo wa sampu vilikobanduka. Alikichomoa kimoja kwa bisibisi ndogo, akakiweka kiganjani mwangu bila kusema neno. Oili ilikuwamo ndani ya injini, tena ya kutosha. Ilikuwa haifiki juu.

Beringi za konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, zilieleza yaliyobaki. Beringi ya aina hii ni kipande chembamba kilichopinda, chenye mgongo wa chuma, tabaka la shaba katikati, na ngozi laini ya kijivu juu inayokutana na kranki. Zile za silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa na mikwaruzo ya kawaida. Ile ya silinda ya tatu ngozi ya kijivu ilikuwa imekwisha kabisa, shaba inang'aa kama hereni, na kipande kimoja kilikuwa kimezunguka kutoka mahali pake na kulala juu ya mwenzake. Konrodi yake ilikuwa imegeuka rangi ya buluu kwa moto. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alinikataza kuwasha tena: kilomita chache zaidi na konrodi ingekatika na kutoka kupitia ubavu wa bloki, na habari ingekuwa imeishia hapo.

Sehemu iliyofuata ndiyo ninayoipa gereji hii alama za juu kabisa, nayo ni upimaji. Hawana karakana yao ya kukereza. Wanapeleka kazi kwa mzee mmoja mwenye mashine zake hapohapo Kizota, mtu mwenye maneno machache na maikromita nyingi. Mzee alipima kila shingo ya kranki, yaani sehemu inayokaa ndani ya beringi, mahali pawili na kwa pande mbili, akaandika kwenye daftari la shule, kisha akapima silinda zote juu, katikati na chini. Shingo ya tatu ilikuwa imeliwa na ilihitaji kuchongwa, na kwa kuwa beringi huuzwa kwa seti, zote nne za konrodi zilichongwa kupunguzwa milimita 0.25, huku zile kuu zinazoshika kranki kwenye bloki zikisuguliwa tu na kubaki saizi yake ya kiwandani. Alinionya kwamba kuchonga huondoa sehemu ya ngozi ngumu ya juu ya chuma, na kwamba kranki hiyo si ya mtu anayetaka mashindano. Nilimjibu kwamba shindano langu ni kufika Hombolo.

Silinda ndizo zilizonishangaza. Nilikuwa nimekwisha kutenga pesa za pistoni mpya za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za kiwandani, na za kuchonga silinda, kwa sababu kila niliyemuuliza mtaani aliniambia kwamba kufungua injini bila kubadilisha pistoni ni kupoteza muda. Vipimo vilisema vinginevyo. Tofauti ya kipenyo kati ya juu na chini ya silinda mbovu kuliko zote ilikuwa milimita 0.02, wakati ukomo wake ni 0.05, na pistoni zote nne zilikuwa nzima hadi kwenye kuta zinazoshika ringi, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda, mahali ambapo pistoni za injini hizi hupenda kupasuka zinapopigwa na mlipuko wa kabla ya wakati. Fundi alishauri tukwangue silinda kwa mawe laini ili kurudisha ile mistari ya mshazari inayoshika oili, tuweke ringi mpya, na pistoni tuzirudishe. Angeweza kuniuzia seti ya pistoni, nami ningelipa na kumshukuru. Hakufanya hivyo. Alitoa pia sababu ya kiufundi ambayo sijaisikia kwingine: bloki ya aluminiamu ya gari hili hujikunja kidogo hedi, yaani vifuniko vya silinda, zinapokazwa, hivyo silinda zake zikichongwa bila sahani nzito ya kuigiza hedi huweza kutoka mviringo siku ya kufunga, na mzee hana sahani hiyo. Fundi anayekutajia kifaa asichokuwa nacho ni wa kushikwa mkono.

Konrodi iliyoungua ilipatikana ya mtumba kwa shilingi 60,000. Ili kuhakikisha uzito wake unalingana na zile tatu, kijana mmoja wa gereji alizifunga zote kwenye gazeti na kuzipeleka kwa sonara wa mjini ambaye ana mzani wa kidijitali. Zilirudi na karatasi: tofauti ilikuwa gramu 3, ikaondolewa kwa kusugua mahali pasipobeba nguvu. Sonara hakutoza chochote, ila aliuliza kama hizo ni hereni za tembo.

Nieleze sasa jinsi pesa ndogo ilivyogawanywa, maana kwa mwenye bajeti kama yangu hapo ndipo fundi anapojulikana. Kanuni yao ilikuwa kwamba kinachogusa oili hakibahatishwi. Pampu ya oili ilinunuliwa mpya, na kabla ya kufungwa walifungua skrubu za bamba la nyuma yake, wakazipaka gundi ya kuzuia kulegea, wakazikaza tena, kwa sababu pampu za injini hizi zina tabia inayojulikana ya skrubu hizo kulegea zenyewe na kushusha presha. Kipoza oili kilichokaa nyuma ya filta kilitupwa na kuwekwa kingine cha mtumba ambacho hakikuwahi kupitiwa na vyuma vya beringi, kwa maelezo kwamba njia zake za ndani ni nyembamba na hakuna petroli itakayozisafisha zote. Bomba la kunyonyea oili lilichemshwa kwa sabuni na kupulizwa mpaka wavu ukaonekana mpya. Bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo ilikaguliwa, maana baadhi huwa na kichujio kidogo ndani kinachoziba bila mtu kujua. Mkanda wa taimingi, roli zake na pampu ya maji vilibadilishwa vyote kwa pamoja, kwa kuwa mkanda huo huendesha kamshafti nne, mihimili inayofungua valvu, na ukikatika valvu hugongana na pistoni.

Vilivyorudishwa vilevile ni vingi: pistoni, valvu baada ya kusagwa, kamshafti, sindano za mafuta baada ya kusafishwa, klachi, na rejeta. Hedi mbili zilisawazishwa uso kidogo tu, kwa kuwa gasketi zake ni za chuma cha tabaka kadhaa na hazivumilii uso wenye mikwaruzo. Filta ya hewa ya wazi, ile ya umbo la pia ambayo mwenye gari wa kwanza aliifunga kwa ajili ya sauti, waliing'oa bila kuniuliza, wakarudisha sanduku la kiwandani lililokuwa likikaa bure stoo kwangu. Walinionyesha makali ya gurudumu la turbo linalonyonya hewa. Ncha zake zilikuwa zimeliwa na mchanga kama kisu cha mchinjaji. Vumbi la Dodoma kuanzia Juni mpaka Novemba si la kuchezea.

Kuhusu turbo yenyewe, mhimili wake ulikuwa ukicheza kiasi cha gurudumu kugusa ukuta, basi ikanunuliwa katriji mpya, yaani kiini chote cha katikati chenye mhimili, beringi na magurudumu yake, kikiwa kimekwisha kusawazishwa kwa mashine, na maganda ya nje yakabaki ya zamani. Kwa shilingi 420,000 kilikuwa kifaa ghali kuliko vyote nilivyonunua. Kijana mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa nyongeza ndogo angeweza kunifungia kidhibiti cha kuongeza msukumo wa turbo. Fundi mkuu alisikia, akamtuma kuosha bolti.

Siku ya kufunga bloki walifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Asubuhi walimwaga maji sakafu nzima na hata nje ya mlango kutuliza vumbi, wakashusha turubai upande wa upepo, na bloki ikalala juu ya meza iliyofunikwa khanga safi. Kila beringi ilipimwa nafasi yake kwa uzi mwembamba wa plastiki: uzi huwekwa juu ya shingo ya kranki, kifuniko kinakazwa kwa kipimo, kinafunguliwa, kisha upana wa uzi uliopondeka unalinganishwa na karatasi yenye mistari. Nafasi inayotakiwa kwenye konrodi ni kati ya milimita 0.02 na 0.05 kwa makadirio, na zote nne ziliangukia katikati. Hedi zilikazwa kwa ile spana mafundi wanayoiita toki, bolti sita kila upande, kwa utaratibu wa kukaza, kulegeza, na kukaza tena kwa nyuzi za pembe, mmoja akisoma karatasi kwa sauti na mwingine akifuata. Silikoni ilitumika pale tu inapotakiwa, kwa unene wa kijiti cha kibiriti, na fundi aliipaka yeye mwenyewe huku akinitazama.

Sasa lawama. Niliahidiwa siku 12 za kazi. Sehemu ya ucheleweshaji haikuwa yao: duka moja la spea la Dar es Salaam lilituma kwa basi beringi za saizi ya kawaida badala ya zile za 0.25, na wao walizigundua kwa kusoma muhuri ulio mgongoni mwa kila kipande kabla ya kufunga, jambo la kupongezwa, lakini kubadilishana vifurushi kulikula siku sita. Karakana nayo ilikosa umeme siku mbili. Hayo nayaelewa. Nisichokielewa ni ukimya. Katika siku hizo zote sikupigiwa simu hata mara moja. Kila habari niliipata kwa kwenda mwenyewe na kusimama chini ya mbuyu. Mteja aliyeweka akiba yake yote mahali pamoja anastahili ujumbe wa maneno matano. Bei za spea pia zilifika kwangu kwa mdomo mwanzoni, na ilinibidi niombe mara mbili kabla ya kupewa karatasi iliyoandikwa, ingawa mwishoni risiti za mashine zilitolewa zote bila ubishi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kulifanywa kwa subira. Waliondoa fyuzi ya pampu ya petroli na kuchomoa koili, wakazungusha injini kwa stata kwa vipindi vya sekunde kumi, wakiipumzisha katikati, huku kipimo cha mshale kikiwa kimefungwa mahali pa swichi ya oili. Mshale ulikaa sifuri vipindi vitatu. Sitasema nilichokuwa nikikiomba moyoni. Kwenye kipindi cha nne ulitikisika, ukapanda, ukasimama, na hapo tu ndipo walipoirudisha fyuzi. Injini iliwaka mara moja, ikatoa moshi mweupe wa oili ya kufungia, kisha ikatulia.

Wiki mbili baadaye ilianza kutoa moshi wa buluu. Ulitoka kila niliposimama kwenye taa kwa dakika moja au mbili, hasa injini ikiwa moto, na ulitoweka nikiondoka. Nilirudi Kizota nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikiamini kwamba katriji ya laki nne na ishirini ilikuwa feki. Fundi mkuu hakujitetea. Aliingia chini ya gari akiwa na tochi, akatoka na kipande cha mpira mweusi chenye urefu wa kidole. Ulikuwa mpira wa kurudishia oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Oili hurudi kwa kutiririka yenyewe tu, bila kusukumwa, kwa hiyo njia yake lazima iwe wazi. Mpira huu wa zamani ulikuwa umevimba kwa ndani mpaka tundu lake likabaki la kupitisha penseli, oili ikajaa kwenye katriji na kutafuta mlango mwingine kupitia sili. Waliurudisha wa zamani siku ya kufunga kwa sababu kwa nje ulionekana mzima. Mpya uligharimu shilingi 12,000, na waliulipia wao, pamoja na oili. Moshi uliisha siku hiyohiyo.

Nimelifikiria sana kosa hili, kwa sababu linapingana na kanuni yao wenyewe kuhusu kinachogusa oili. Kwa upande mmoja, walibadilisha vitu vya laki kadhaa na kusahau cha elfu kumi na mbili. Kwa upande wa pili, nimewahi kurudi kwenye gereji nikiwa na malalamiko na kuambiwa kwamba ni mimi ninayekanyaga vibaya. Hawa walikubali kosa kabla sijamaliza kulieleza.

Maelekezo ya kuanzia yalikuwa ya wazi na niliyafuata. Oili ya kwanza ilimwagwa baada ya kilomita 50 na filta ikakatwa kwa msumeno ili kuangalia kama kuna vyuma; kulikuwa na ungaunga wa ringi zinazozoea, hakuna shaba. Ya pili ilimwagwa kilomita 1,000. Katika kilomita hizo nilitakiwa nisikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu, nipandishe na kushusha mwendo, nisiiache turbo ipige kwa nguvu zote, na nisizime injini papo hapo baada ya kupanda mlima. Nilikuwa nikienda Bahi na kurudi, alfajiri, barabara ikiwa tupu.

Kwenye kilomita 1,000 walipima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, wakapata psi (kipimo cha presha) 138, 136, 140 na 137. Kitabu cha gari kinataka kuanzia karibu 142, nami nikakunja uso. Fundi alinifafanulia kwamba kipimo hicho ni cha usawa wa bahari, na kwamba hewa ya Dodoma ikiwa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, namba nazo hushuka. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda, ambayo haitakiwi kuzidi psi 7. Yangu ilikuwa psi 4. Baadaye tulilipeleka kwenye mlima wa Saranda, tukitokea Kintinku kuelekea Manyoni, yeye akiwa amekaa pembeni na sikio lake likiwa karibu na dashibodi. Lilipanda gia ya nne likiwa na watu wanne ndani. Hakusema lolote, ila alifungua dirisha na kuanza kula karanga, nami nikajua kwamba ameridhika.

Jumla ilikuwa shilingi 3,145,000. Kati ya hizo ufundi ni 650,000, karakana ya kukereza pamoja na kuchonga kranki, kukwangua silinda na kusawazisha hedi ni 440,000, na zilizobaki ni spea, oili na nauli za vifurushi. Nilizidi bajeti kwa 145,000, ambazo waliniruhusu kuzilipa mwezi uliofuata. Baada ya miezi sita na kilomita 9,200, injini inakula chini ya nusu lita ya oili kati ya badiliko moja na jingine, ambalo nalifanya kila kilomita 5,000, na presha ikiwa moto kwenye mwendo wa chini haijashuka chini ya psi 18. Kuna unyevu mdogo wa oili kwenye kifuniko cha valvu cha kushoto, haujafikia kudondoka, nao wameahidi kubadilisha gasketi yake bure nitakapopitia.

Anayetaka kazi ya haraka, au anayetaka gari lifungwe yeye akiwa Dar es Salaam na kupewa taarifa kwa simu, gereji hii haimfai. Anayeweza kwenda mwenyewe kila baada ya siku mbili atahudumiwa vizuri. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na kazi za injini hupokea moja tu kwa wakati, hivyo ni vyema kuuliza foleni kabla ya kulivuta gari. Nenda na daftari lako uandike vipimo mzee anapovisoma, kwa sababu havirudii. Na mpira wa kurudishia oili, utaje kwa jina wakati wa kuagiza spea.